Usafishaji wa akwaria ya matumbawe

Usafishaji wa akwaria ya matumbawe ni kazi ya kuondoa mwani, uchafu na mabaki ya chakula katika tangi la maji ya chumvi linalofugiwa matumbawe hai pamoja na samaki na viumbe wengine wa baharini. Kazi hiyo inatofautiana na kuosha tangi la samaki wa maji baridi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachosafisha maji ya akwaria ya matumbawe ni viumbe hai, hasa bakteria wanaoishi juu ya mawe na ndani ya mchanga. Tangi likioshwa lote kwa siku moja mwani huondoka, lakini bakteria hao huondoka pia, na wanyama wanaweza kufa ndani ya siku chache.

Kwa sababu hiyo usafishaji mkubwa hufanywa kwa awamu za wiki kadhaa. Mwani ulioondolewa kwa mkono hurudi upesi kama virutubishi vilivyoulisha vimebaki majini. Hivyo kazi ina pande mbili: kuondoa mwani uliopo, na kupunguza kile kinachouotesha.

## Istilahi

Katika Kiswahili neno *mwani* hutaja mimea ya baharini inayosukumwa ufukweni na mawimbi, na pia zao linalolimwa Unguja na Pemba. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na spishi zinazolimwa ni za jenasi *Eucheuma* na *Kappaphycus*. Katika biolojia neno hilo ni pana zaidi: linajumlisha viumbe wengi wanaofanya usanisinuru bila kuwa na mizizi, shina na majani ya kweli, kuanzia wale wa seli moja hadi wenye urefu wa mita nyingi.

Mwani si adui wa matumbawe kwa kila hali. Ndani ya seli za matumbawe mengi huishi mwani wa seli moja uitwao zooksanthela, ambao hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Mwani mwekundu wa chokaa hufunika mawe kwa rangi ya zambarau au waridi na huhesabiwa kuwa dalili ya tangi lenye afya. Tatizo ni mwani unaokua haraka kuliko unavyoliwa, ukafunika matumbawe, ukayanyima mwanga na kukwaruza tishu zake.

## Historia

Majaribio ya kwanza ya kutunza wanyama wa bahari ndani ya nyumba yalifanyika Uingereza katika karne ya 19. Kuanzia mwaka 1846 Anna Thynne alitunza matumbawe mjini London katika maji ya bahari, ambayo yalipaswa kumiminwa kutoka chombo hadi chombo kwa mkono ili yapate hewa. Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington alieleza jinsi mimea na samaki wanavyoweza kusaidiana ndani ya chombo kimoja cha maji baridi. Aligundua kwamba majani yaliyooza na utelezi wa kijani vilichafua maji, akaongeza konokono wa kuvila. Wazo hilo la kuweka wanyama walao mwani linatumika hadi leo. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu *The Aquarium* kilichoeneza jina hilo.

Kwa zaidi ya miaka 100 iliyofuata matumbawe yalikuwa magumu kutunza. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza njia yake ya kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe vyake, mchanga na mapovu ya hewa, bila chujio kingine. Katika miaka ya 1980 wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, waliunganisha mawe hai, taa zenye nguvu na mashine ya povu inayotoa uchafu kabla haujaoza. Mpangilio huo ulienea Ulaya na Marekani kwa jina la "njia ya Berlin".

Wakati huohuo Walter Adey wa Smithsonian Institution nchini Marekani alitumia mwani wenyewe kama chujio. Maji ya tangi yalipitishwa juu ya wavu uliomulikwa na taa, mwani ukaota hapo ukinyonya virutubishi, kisha ukakwanguliwa na kutupwa. Akwaria kubwa ya Townsville, Australia, iliyofunguliwa mwaka 1987, ilianza kwa kutumia mfumo wa aina hiyo.

## Sababu za mwani kuzidi

Mwani unahitaji mwanga, kaboni, nitrojeni na fosforasi. Katika bahari yenye matumbawe virutubishi hivi ni haba, lakini tangi ni chombo kilichofungwa: chochote kinachoingia hubaki humo mpaka mtu akitoe.

Chanzo kikuu ni chakula. Samaki hula, hutoa amonia na kinyesi, na chakula kisicholiwa huoza. Bakteria hubadilisha amonia kuwa nitriti, kisha kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Nitrati ina madhara madogo zaidi, lakini ni mbolea kwa mwani. Fosforasi inayobaki kutoka kwenye chakula huwa fosfati.

Fosfati ina tabia inayowachanganya wengi. Hushikamana na chokaa ya mawe na mchanga. Maji yakisafishwa, mawe huanza kuirudisha polepole. Ndiyo maana kipimo cha maji kinaweza kushuka leo na kupanda tena baada ya wiki moja, ingawa hakuna chakula kilichoongezwa. Vilevile kipimo kinaweza kuonyesha sifuri wakati mwani umejaa, kwa sababu mwani umekwisha kunyonya fosfati yote iliyokuwa majini.

Vyanzo vingine ni hivi:

* Maji ya bomba, ambayo katika miji mingi huwa na nitrati, fosfati, silikati, klorini au shaba.
* Samaki wengi kuliko uwezo wa tangi.
* Mzunguko hafifu wa maji, unaoacha uchafu utulie nyuma ya mawe.
* Sponji na vitambaa vya kuchujia vinavyokaa muda mrefu bila kuoshwa.
* Taa zinazowaka saa nyingi kupita kiasi, au jua la dirishani.
* Upungufu wa wanyama walao mwani.

## Aina za mwani na namna ya kuzitambua

Kabla ya kusafisha ni lazima kujua kilichoota, kwa kuwa dawa ya aina moja inaweza kuongeza nyingine.

Diatomu huonekana kama vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo. Hutokea sana katika tangi jipya, kwa sababu hutumia silikati kujenga maganda yao. Kwa kawaida hupungua zenyewe baada ya wiki chache.

Mwani wa nyuzi wa jenasi *Derbesia* na *Bryopsis* ni wa kijani na laini. *Bryopsis* una umbo la unyoya mdogo wa ndege. Aina zote mbili hushika mawe kwa nguvu na huota upya kutoka kwenye vipande vidogo.

Mwani wa vipovu (*Valonia* na jamaa zake) hufanana na shanga za kijani zinazong'aa. Kila shanga ni seli moja kubwa. Huondolewa nzimanzima, kwa kuwa unaweza kusambaa kutokana na kilichomo ndani yake.

Sainobakteria si mwani bali ni bakteria wanaofanya usanisinuru. Hutandaza utando mwekundu wa damu ya mzee, au wa kijani kizito, unaobanduka kama ngozi. Hupenda sehemu zenye maji yaliyotulia na uchafu.

Dinoflajelata hutengeneza kamasi ya kahawia yenye mapovu ya hewa, ambayo hupungua usiku na kurudi mchana. Baadhi, kama wale wa jenasi *Ostreopsis*, hutoa sumu inayoua konokono. Tofauti na mwani wa nyuzi, mara nyingi hushamiri katika tangi ambalo nitrati na fosfati zimeshushwa hadi sifuri, kwa sababu washindani wao wamekufa njaa. Mfugaji anayedhani ni mwani wa kawaida na kuzidi kuondoa virutubishi huongeza tatizo.

## Maandalizi

Siku chache kabla ya kazi maji hupimwa. Viwango vinavyokubalika na wafugaji wengi ni joto la sentigredi 24 hadi 27, chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilogramu ya maji, pH ya 8.0 hadi 8.4, kalsi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita na magnesi ya takriban miligramu 1,300 kwa lita. Nitrati hulengwa iwe kati ya miligramu 1 na 10 kwa lita, na fosfati kati ya 0.03 na 0.1. Amonia na nitriti hazipaswi kuonekana kabisa.

Maji mapya huandaliwa siku moja kabla. Katika tangi la lita 200, kubadilisha asilimia 20 kunahitaji lita 40 za maji yaliyochujwa na takriban kilo moja na nusu ya chumvi maalumu ya akwaria. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina kalsi, magnesi na madini mengine ya bahari kwa uwiano unaotakiwa. Maji huchanganywa kwa pampu mpaka yawe angavu, kisha chumvi na joto lake hulinganishwa na vya tangi.

Vifaa vinavyohitajika ni ndoo na beseni ambazo hazijawahi kutiwa sabuni, mpira wa maji, mswaki mpya wa meno, koleo ndogo, kikwangulio cha kioo, glovu ndefu na miwani ya kukinga macho. Sabuni haitumiki mahali popote, kwani hata mabaki machache yanaweza kudhuru viumbe.

## Hatua za usafishaji

Mpangilio ufuatao hutumiwa na wafugaji wengi. Kila awamu hugusa theluthi moja ya mawe au chini ya hapo, na awamu mbili hutenganishwa kwa wiki moja au mbili.

1. Hita na pampu huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme kabla ya mkono kuingia majini. Hita ikibaki inawaka nje ya maji hupasuka.
2. Kioo hukwanguliwa kutoka chini kwenda juu. Mchanga usiingie kati ya kikwangulio na kioo, kwani huacha michirizi isiyofutika.
3. Mwani mrefu hung'olewa kwa vidole ukiwa bado ndani ya tangi. Mpira wa maji huwekwa karibu na mkono ili vipande vinyonywe papo hapo badala ya kuelea na kuota kwingine. Mpira hauanzishwi kwa kunyonya kwa mdomo.
4. Mawe machache yanayoweza kutolewa bila kuvunja matumbawe huwekwa ndani ya beseni lenye maji yaliyotolewa kwenye tangi. Husuguliwa kwa mswaki humo, kisha husuuzwa katika beseni la pili la maji ya chumvi. Maji ya bomba hayatumiki, kwani klorini na ukosefu wa chumvi huua bakteria.
5. Uchafu uliotulia nyuma ya mawe hupulizwa kwa maji na kunyonywa.
6. Mchanga wa juu husafishwa kwa mpira katika eneo moja tu, robo ya sakafu kwa mfano. Mchanga mzito uliokaa miaka mingi haufukuliwi hadi chini. Katika tabaka zisizo na oksijeni hutokea gesi ya sulfidi hidrojeni, yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu kwa samaki.
7. Maji mapya humiminwa polepole, kisha pampu na hita huwashwa.
8. Kitambaa kipya cha kuchujia huwekwa ili kunasa vumbi lililobaki. Hutolewa siku inayofuata, la sivyo uchafu huozea humo.

Kwa siku tatu baada ya kila awamu amonia hupimwa kila siku na chakula hupunguzwa. Amonia ikionekana, maji hubadilishwa tena na awamu inayofuata huahirishwa.

Kubadilisha maji kunapunguza virutubishi kwa hesabu inayojulikana. Kama nitrati ni miligramu 40 kwa lita na maji mapya hayana nitrati, kubadilisha asilimia 20 hushusha kiwango hadi 32, mara ya pili hadi 25.6, na mara ya tatu hadi takriban 20.5. Hesabu hiyo haijaongeza nitrati inayozalishwa katikati. Kwa hiyo tangi lenye tatizo la muda mrefu haliponi kwa badiliko moja, na chakula kisipopunguzwa maji mapya hayatoshi.

## Usafishaji wa vifaa

Pampu, hita na mabomba hupata ganda la chokaa linalopunguza mtiririko wa maji. Hulowekwa kwa saa chache katika siki iliyochanganywa na maji, husuguliwa, kisha husuuzwa vizuri. Pampu zote hazisafishwi siku moja na mawe, ili sehemu ya bakteria ibaki.

Mashine ya povu huvuta hewa na maji pamoja. Protini na mafuta hushikamana na mapovu, hupanda na kumwagikia ndani ya kikombe. Shingo ya kikombe ikipata utando wa mafuta, povu halipandi vizuri, hivyo hufutwa mara mbili au tatu kwa wiki. Mkaa maalumu wa kuchujia na chembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfati hubadilishwa kwa ratiba. Fosfati ikishushwa ghafla matumbawe yanaweza kupauka, kwa hiyo oksidi hiyo huanza kwa kiasi kidogo.

## Wanyama walao mwani

Kazi ya mikono hudumu pale tu inapofuatwa na wanyama wa kuendelea kula machipukizi. Konokono wa jenasi *Trochus* na *Turbo* hula utando wa kioo na mawe. Kaa wadogo wanaoishi ndani ya makombe hula nyuzi fupi na mabaki ya chakula. Kaa wa kijani *Mithraculus sculptus* wa Karibi hufugwa kwa kuwa hula mwani wa vipovu.

Miongoni mwa samaki, kangaja na tasi ndio walaji mashuhuri wa mwani. Familia hizo zinafahamika vizuri kwa wavuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki. *Zebrasoma desjardinii*, mwenye mapezi makubwa kama tanga, hupatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi na hufugwa kwa kula mwani. Kangaja ni waogeleaji wa masafa na hugombana, hivyo hawafai kuwekwa katika tangi dogo kwa sababu tu mwani umezidi.

Wanyama hao hawali mwani uliokwisha kuwa mrefu. Mfugaji hung'oa kwanza, wao hulinda sehemu iliyosafishwa. Mwani ukiisha wanahitaji kulishwa, kwa mfano karatasi za mwani mkavu, ili wasife njaa.

## Njia nyingine

Tangi dogo la pembeni lenye mwani wa *Chaetomorpha* huunganishwa na tangi kubwa na kumulikwa usiku. Mwani huo hunyonya nitrati na fosfati, na kila ukivunwa virutubishi hutoka pamoja nao. Ni kanuni ileile ya wavu wa Adey.

Kuzima taa kwa siku tatu hupunguza sainobakteria na baadhi ya dinoflajelata. Matumbawe mengi huvumilia muda huo, lakini kama chanzo hakijashughulikiwa utando hurudi. Peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3 hupakwa juu ya jiwe lililotolewa majini, ikaachwa dakika chache na kusuuzwa. Flukonazoli, ambayo ni dawa ya fangasi, hutumiwa na wafugaji dhidi ya *Bryopsis* na *Derbesia*. Viuavijasumu, yaani antibiotiki, huweza kuua sainobakteria, lakini huathiri pia bakteria wanaosafisha maji. Dawa zenye shaba haziwekwi katika tangi la matumbawe, kwa kuwa shaba huua konokono, kaa na matumbawe yenyewe.

Kila dawa inayoua mwani mwingi kwa mara moja huleta hatari ya pili: mwani uliokufa huoza na kutumia oksijeni. Hatari huwa kubwa usiku, wakati hakuna usanisinuru. Ndiyo maana mwani mwingi hung'olewa kwa mkono kabla ya dawa yoyote kutiwa.

## Hatari kwa binadamu

Baadhi ya wanyama wafananao na matumbawe laini, hasa wa jenasi *Palythoa*, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana miongoni mwa zile zisizo protini. Sumu hiyo ilitenganishwa na Richard Moore na Paul Scheuer huko Hawaii mwaka 1971. Watu kadhaa katika nchi mbalimbali wamelazwa hospitalini baada ya kusugua, kukata au kuchemsha mawe ya akwaria yenye wanyama hao, wakati mwingine familia nzima iliyokuwa katika nyumba moja. Dalili ni pamoja na ladha chungu mdomoni, kikohozi, shida ya kupumua, homa, maumivu ya misuli na macho kuwaka. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Mgonjwa hutibiwa dalili zake.

Kwa hiyo mawe ya akwaria hayachemshwi, hayamwagiwi maji ya moto na hayaoshwi kwa maji ya kasi. Jiwe lenye wanyama wasiojulikana husuguliwa ndani ya maji, kwa glovu na miwani, katika chumba chenye hewa. Mwenye dalili hutoka nje mara moja, hutafuta daktari na kumweleza alichokuwa anasafisha.

Bakteria *Mycobacterium marinum* huingia kupitia mikwaruzo ya mikono na kuleta vinundu vya ngozi visivyopona haraka. Matibabu yake huchukua wiki nyingi au miezi. Mtu mwenye kidonda mkononi huvaa glovu au huahirisha kazi.

Umeme ni hatari ya tatu. Waya huning'inizwa ukipinda chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone ya maji yasifuate waya hadi kwenye umeme.

## Utupaji wa mwani na maji

Mwani uliotolewa haumwagwi baharini, mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Mfano unaotajwa zaidi ni *Caulerpa taxifolia*, mwani wa kitropiki uliotumika kupamba akwaria. Mwaka 1984 ulionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Baadaye ulienea katika pwani za Ufaransa, Italia, Hispania na Kroatia, ukifunika nyasi za bahari ambazo ni makao ya samaki wachanga. Kipande kidogo kilichokatika kinaweza kuwa mmea mpya.

Mwaka 2000 mwani huohuo ulikutwa katika wangwa wa Agua Hedionda, jimbo la California nchini Marekani. Mabaka yake yalifunikwa kwa maturubai na kutiwa klorini chini yake. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba umetokomezwa, baada ya gharama ya zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2001 California ilikuwa imekwisha kupiga marufuku uuzaji na ufugaji wake.

Njia salama ni kukausha mwani kabisa juani au kuugandisha kwa siku kadhaa, kisha kuutupa pamoja na takataka za nyumbani. Maji machafu humwagwa katika choo au sinki la maji taka. Hayamwagiliwi mimea, kwa sababu ya chumvi.

## Uhusiano na miamba ya asili

Kinachotokea ndani ya tangi hutokea pia baharini kwa kipimo kikubwa. Katika miaka ya 1983 na 1984 ugonjwa uliua zaidi ya asilimia 90 ya *Diadema antillarum*, mnyama mviringo mwenye miiba mirefu myeusi aliyekuwa mlaji mkuu wa mwani katika Karibi. Huko Jamaika samaki walao mwani walikuwa wamevuliwa mno, na kimbunga Allen cha mwaka 1980 kilikuwa kimevunja matumbawe. Kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1990 matumbawe hai yalipungua kutoka takriban asilimia 50 ya sakafu ya mwamba hadi chini ya asilimia 5, na mwani ukachukua nafasi yake.

Wingi wa walaji nao una madhara. Katika pwani ya Kenya uvuvi wa kupita kiasi ulipunguza vikande, samaki wanaowala wanyama wenye miiba wa jenasi *Echinometra* na jamaa zao. Wanyama hao waliongezeka na kuyasaga matumbawe wakati wa kula mwani. Katika hifadhi za bahari zilizofungiwa uvuvi, kama ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968, idadi yao ni ndogo zaidi.

Tofauti ni kwamba baharini mawimbi, mikondo na maelfu ya spishi hugawana kazi ya usafi, lakini katika tangi la lita 200 nafasi yao huchukuliwa na mashine, konokono wachache na mfugaji mwenye ndoo.

## Tazama pia

* Akwaria
* Matumbawe
* Mwani
* Usanisinuru
* Kangaja